Mikono Yangu Haikushika Simu ya Mkubwa

Wanangu mnaoanza kazi ya mifugo, nisikilizeni kabla hamjakabidhiwa gambuti. Iko siku utakuwa umesimama barabarani, jua la saa saba linakuwakia utosini, na mtu atashusha kioo cha gari. Hatakusalimia. Atanyoosha mkono wenye simu na kukwambia, "Shika, ongea na mkubwa." Usishike! Kuchoma sindano mtafundishwa chuoni. Kupima mimba ya ng'ombe mtafundishwa. Hili la simu hakuna mwalimu atakayewafundisha, na ndilo limewamaliza wenzenu wengi waliokuwa wanajua kuchoma sindano vizuri kuliko mimi.

Mimi ni Mama Ndeshi. Kwetu ni Machame, lakini Pwani nimekaa mpaka nikienda nyumbani Krismasi natetemeka kwa baridi kama mgeni. Nimestaafu, nipo hapa Kibaha na ng'ombe wangu wawili wa maziwa nyuma ya nyumba, na magoti yasiyotaka tena mambo ya ngazi. Uafisa mifugo nimeufanyia Mzenga, kule Kisarawe, halafu Dutumi, halafu Magindu. Wafugaji wamenipa majina kila nilipokwenda. Mama Sindano. Mama Dawa. Lakini jina ninalolipenda, ambalo hata kanisani wapo wanaoniita hivyo, ni Mama Geti. Leo nataka niwaambie nililipataje.

Kwanza mjue lugha yenyewe, maana anayetaka kupita pasipopitika ana maneno yake. Mtu asiye na chochote ukimkamata atakwambia, "Mama nisamehe, sirudii tena." Huyo anajua amekosa. Mkubwa hakuombi msamaha hata siku moja, yeye anakushangaa. "Dada, mbona unakuwa mgumu?" "Wewe ni mtu mzima, tumia busara." "Tumalizane kiutu uzima." Na kama hujaelewa bado, linakuja lile la mwisho: "Unanijua mimi ni nani?" Nikiwa kijana swali hilo lilikuwa linanikata maini. Nilipozeeka nikawa najibu, "Sikujui baba, shuka tujuane," na mara nyingi hawashuki.

Sasa turudi nyuma, Mzenga, maana dawa ya ugonjwa huu niliipatia kule, kwa Mzee Kibwana.

Mzee Kibwana alikuwa msimamizi wa josho, Mzaramo wa pale pale, mfupi, mpole, kofia ya ukili haimtoki kichwani. Kwa wasiowahi kuliona, josho ni mtaro mrefu wa saruji uliojazwa maji yenye dawa ya kupe. Ng'ombe anasukumwa anarukia ndani, anaogelea, anatokea upande wa pili amelowa chapachapa. Siku yangu ya kwanza nilivaa sketi nzuri ya kazini nikajisimamisha pale pale wanaporukia, nione vizuri. Fahali wa kwanza alipotua nilioga dawa kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi. Mzee Kibwana akaniangalia, akasema, "Mwanangu, wewe mwaka huu hupati kupe."

Jambo la kulijua kuhusu josho ni kwamba asubuhi dawa inakuwa kali na maji ni masafi. Kadiri ng'ombe wanavyopita, maji yanajaa tope na mavi, na dawa inachoka. Kwa hiyo kila mtu anataka wa kwake wawe wa mwanzo. Sheria ya Mzee Kibwana ilikuwa moja tu, aliyefika mwanzo anaogesha mwanzo, uje na ng'ombe mia au uje na ndama mmoja kwenye kamba.

Enzi hizo simu za mkononi hazijafika. Wakubwa walituma vimemo. Kikaratasi kimekunjwa kunjwa mpaka kimekuwa kama ubani wa dukani, ukikifungua unakuta mistari miwili na sahihi kubwa kuliko maneno. Asubuhi moja akaja karani wa tajiri mmoja, amechelewa, nyuma yake kundi la ng'ombe linatimua vumbi. Hakwenda nyuma ya foleni. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Kibwana akamtilia kimemo kiganjani, akamkonyeza.

Mzee Kibwana akakigeuza geuza kile kikaratasi. "Nisomee mwanangu, miwani nimesahau nyumbani."

"Mzee, miwani si hiyo mfukoni mwa shati?"

"Hii ya kuonea mbali. Wewe soma."

Karani akaanza kusoma kwa kunong'ona. "Aa, aa," mzee akasema, "Bi Mwanahamisi kule nyuma hakusikii. Paza sauti." Karani akaangalia huku na huku, watu wote wameshageuza shingo. Akasoma: "Ndugu, msaidie mleta barua hii. Ng'ombe waogeshwe kwanza, wana safari. Tutaonana."

Mtu mmoja kwenye foleni akauliza, "Ng'ombe wana safari ya kwenda wapi, Ulaya?" Ndugu zangu, watu walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Karani akakunja kimemo chake, akakirudisha mfukoni mwa shati akafunga kifungo, akalirudisha kundi lake mkiani. Mzee Kibwana hakumfokea wala hakumkatalia, alimsikitikia tu kwa sura kama mtu aliyepotewa na miwani kweli.

Lakini sikilizeni kilichofuata, maana hapo ndipo niliposhika somo. Saa ile ile Bi Mwanahamisi, bibi kizee mwenye ndama mmoja, akaja mbele polepole, akasema jua limemzidi, kichwa kinamzunguka, anaomba apite. Mimi nikajua mzee atamkatalia, sheria si sheria? Mzee Kibwana akapanda juu ya ukuta wa josho. "Jamani! Bi Mwanahamisi kichwa kinamuuma, anaomba ndama wake atangulie. Mnasemaje?" Foleni nzima ikaitikia, "Apite! Apite bibi!" Wakampisha, na mmoja akamshikia ndama.

Jioni tunakunywa chai nikamuuliza, "Mzee, mbona wa kimemo umemkatalia na bibi umemruhusu?"

"Mie sijamkatalia mtu," akasema. "Mie nimesema kwa sauti tu. Wenye zamu yao ndio waliokataa na ndio walioruhusu. Zamu si mali yangu, mwanangu, nitamgawiaje mtu?"

Akamalizia chai yake akaenda kuswali. Nilibaki nimeshika kikombe mpaka kikapoa.

Miaka ikapita. Nikahamishwa Dutumi, nikahamasisha kina mama wafuge ng'ombe wa maziwa, mmoja mmoja, wa kufungia ndani. Nikawafundisha kukamua, kuosha matiti kwa maji ya vuguvugu, kukata majani mapema. Walinizomea mwanzoni, baadaye watoto wao wakawa wanakwenda shule wamekunywa maziwa. Nawaambia hili ili mjue nilikuwa na kitu gani moyoni nilipohamishiwa Magindu na ugonjwa wa miguu na midomo ukaingia.

Ugonjwa huo nyie mtauona. Ng'ombe anadondosha mate kama kamba, ukimfungua mdomo ulimi una malengelenge, kwato zimechubuka hawezi kutembea. Ng'ombe wa kienyeji wengi wanapona. Ng'ombe wa maziwa akiupata, maziwa yanakatika na anaweza asirudi kuwa yule. Ukatangazwa karantini. Hakuna mnyama wa kutoka Magindu kwenda popote, awe mzima awe mgonjwa, mpaka litoke tangazo jingine. Nikawekwa kwenye geti.

Geti lenyewe lilikuwa mti mmoja wa mkaratusi, jiwe limefungwa upande huu, kamba upande ule, na mgambo mmoja anaitwa Chande. Chini tulitandika magunia tuliyoyaloweka maji ya magadi, kila gari likanyage na kila mtu aoshe viatu, maana ugonjwa unasafiri hata kwenye soli. Hakikuwa kitu cha kutisha. Mbuzi mwenye akili timamu angelizunguka.

Nao wafugaji wangeweza kulizunguka. Pori lilikuwa wazi kulia na kushoto. Hilo ndilo lilinikosesha usingizi.

Wa kwanza kumrudisha alikuwa Mzee Saning'o, Mmasai mtu mzima, anaheshimika eneo lote. Alikuwa na madume yake, mazima kabisa kwa kuyatazama, anayapeleka kuuza kwa sababu binti yake amepata nafasi chuo cha uuguzi na siku za kuripoti zimekaribia. Nikamwambia hapana. Akaegemea fimbo. Wenzake walikuwa nyuma yake na makundi yao, wote wanasubiri kuona.

"Yeyo," akaniita, mama kwa lugha yao, "mimi sina ugomvi na wewe. Umesema hawapiti, hawapiti. Lakini nakwambia mbele ya hawa. Siku ng'ombe wa mtu mkubwa watapita hapa, na wangu watapita siku hiyo hiyo, usije ukaniita mkosaji."

"Wakipita, mzee wangu, nitakuinulia mti kwa mkono wangu mwenyewe," nikasema, na nilisema kwa sauti, wote wakasikia.

Akaweka mgolole chini, akaketi kando ya barabara. Wenzake nao wakaketi. Kila siku walikuja kukaa pale, wanalishia jirani, wananitazama. Niliwaelewa vizuri. Ilikuwa ni mimi niliyewekwa karantini, wao ndio waliokuwa wananikagua.

Basi, siku ikafika. Nilikuwa nimevaa zile glavu ndefu za kufika begani, nimemfungua mdomo dume mmoja wa Saning'o namwangalia ulimi kama kawaida yangu kila siku, mate yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nikasikia honi. Fuso linakuja, limejaa ng'ombe wanono, nyuma yake V8 nyeupe. Dereva wa Fuso, Dulla, alikuwa anapiga honi tangu mbali, zile honi za "fungueni nafika." Na Chande wangu, Mungu amsamehe, alipoiona V8 mkono ukaenda wenyewe kwenye kamba. Mti ukaanza kupanda.

"Chande! Acha hiyo kamba!"

Mti ukashuka, pu! Fuso likafunga breki, ng'ombe wakayumba. Wafugaji wote wakasimama. Nilimwona Saning'o anaokota mgolole wake taratibu, anautupia begani kama mtu anayejiandaa na safari.

V8 ikasogea, kioo kikashuka. Alikuwa Mheshimiwa mmoja, jina lake nitakwenda nalo kaburini. Mwanamume nadhifu, ananukia vizuri. Akashuka, viatu vinang'aa mpaka unajiona.

"Mama, mbona geti limefungwa?"

"Karantini, Mheshimiwa. Hakuna mnyama anayepita."

"Karantini naijua, kikao kilichoipitisha nilikuwepo." Akatabasamu. "Hawa ni wa sendofu ya binti yangu, tunamuaga Jumamosi. Wanakwenda kuchinjwa tu. Hawaendi kuishi na ng'ombe wa mtu."

"Wao wanakwenda kufa, baba, lakini mate yao yanadondoka njia nzima. Na huko mbele kuna kina mama na ng'ombe wao wa maziwa."

"Mama, wewe ni mtu mzima. Tumia busara."

"Busara yangu yote wameshaimaliza hawa," nikasema, nikiwaonyesha kina Saning'o kwa kidevu. "Na wao wana madume mazima, na wao wana mabinti."

Tabasamu likaondoka. Akatoa simu, akapiga, akageuka pembeni kidogo. "Mkubwa, nipo hapa getini. Kuna mama mmoja hapa ananisumbua..." Akasikiliza, akacheka, akanigeukia amenyoosha mkono. "Shika. Ongea na mkubwa wako."

Ngoja niwaambie ukweli wa moyo wangu wakati ule. Niliogopa. Sauti iliyokuwa inatoka kwenye ile simu nilikuwa naijua, alikuwa mkubwa wa juu yangu kweli kweli, ofisi yake siitaji. Nilikuwa mjane, Ndeshi yuko sekondari, nyumba ninayolala ni ya serikali. Angesema neno moja sikioni mwangu, "Waachie," ningesema nini? Ningemkatalia bosi? Na nikiwaachia, Saning'o anapita na wote nyuma yake wanapita, maana nimeahidi, na ugonjwa unalala Dutumi siku hiyo hiyo, kwenye mabanda niliyosimamia mwenyewe yajengwe. Nikaitazama ile simu. Halafu nikaitazama mikono yangu. Nikamkumbuka Mzee Kibwana na miwani yake ya kuonea mbali, Mungu amlaze pema, na kicheko kikanipanda kifuani.

"Mheshimiwa, simu nzuri hivyo itaharibika," nikasema, nikainua mikono yote miwili. Uzi wa mate ya ng'ombe ukaning'inia, ukakatika, ukadondokea karibu na kiatu chake. Akairudisha simu haraka.

"Basi nikuwekee sikioni."

"Sikio hili halisikii, nilipigwa teke na fahali."

"Na hilo jingine?"

"Fahali huyo huyo, Mheshimiwa. Weka spika."

Alikuwa na haraka, na jua lilikuwa linamuunguza. Akabonyeza spika. Kabla mkubwa hajafungua mdomo, mimi nikapaza sauti ya kwaya ya kanisani, sauti ya kwanza kabisa.

"Shikamoo mkubwa! Nipo hapa getini na wafugaji wa Magindu, Mzee Saning'o na wenzake wote, wanakusikia, wanakusalimia!"

Nao, bila kuambiwa, wakaitikia kwa pamoja, "Shikamoo mkubwa!"

Dulla akazima injini ya Fuso ili asikie.

"Ee... marahaba," sauti ikasema. "Marahabani. Wananchi ni wengi hapo?"

"Wamejaa, mkubwa."

"Ehee. Vizuri, vizuri. Sasa mama, nilikuwa nataka kujua tu... hilo geti lina hali gani?"

"Limefungwa, mkubwa. Ila Mheshimiwa yupo hapa na Fuso la ng'ombe wa sendofu, anaomba apite. Wananchi wanataka kusikia kwako mwenyewe. Apite, au asipite?"

Wanangu, nimezaa, nimezika mume, nimesimama mbele ya fahali aliyekata kamba. Sijawahi kungoja jibu kama nilivyolingoja lile. Saning'o alikuwa amesogea mpaka nyuma ya mgongo wa Mheshimiwa, ameinamisha sikio.

Mkubwa akakohoa. Halafu sauti ikatoka nzito, ya mkutano wa hadhara. "Asipite mtu! Nasema asipite mtu hata awe nani! Mimi nilikuwa napiga simu kuhakikisha. Mama Ndeshi, hongera sana! Kaza hapo hapo! Na Mheshimiwa nakuomba utuongoze kwa mfano!"

Weee! Palilipuka. Vigelegele vya kina mama wauza maziwa waliokuwa wamesogea kutoka kando ya barabara, fimbo zinagongwa chini, Chande anaruka ruka na kamba yake kama ndiye aliyeshinda. Mheshimiwa alikuwa anaitazama ile simu kama imemng'ata. Mimi nikashusha mikono yangu michafu, na machozi yakanitoka nikashindwa hata kuyafuta.

Nampa haki yake, hakutukana. Alisema "Sawa mama," akaanza kurudi kwenye gari.

"Viatu, Mheshimiwa," nikamwambia.

Akasimama. Akatazama gunia la magadi. Akatazama watu. Akakanyaga, kimoja, halafu kingine, viatu vile vyote vikapata rangi ya vumbi na chumvi. Fuso likageuza kwa shida, ng'ombe wa sendofu wakarudi kula majani. Nilisikia baadaye kwamba Jumamosi ile waliwapikia wageni samaki na kuku, na watu walikula mpaka wakafungasha.

Saning'o alikuja akasimama mbele yangu. "Yeyo, madume yangu jana nilipanga niyapitishe porini. Njia naijua kama mkono wangu. Nikasema ngoja kwanza, nimwone huyu mwanamke ni wa namna gani." Akatua mgolole chini, akaketi tena mahali pake pale pale. "Sasa nasubiri."

Wakasubiri wote. Hakuna aliyepita porini. Na Dutumi haukufika, hakuna banda hata moja lililopata ugonjwa, na kila nikipita kule mpaka leo napewa maziwa ya mgando ya kubeba.

Mtaniuliza, je mkubwa hakulipiza? Angelipizaje? Ameshanipongeza mbele ya umati. Kikao kilichofuata alisimama akasimulia jinsi "tulivyolisimamia" lile geti. Nilipiga makofi na wengine, na kwa nguvu.

Karantini ilipoondolewa nilipanga foleni kama ya josho la Mzenga. Wa kwanza Saning'o, na binti yake alikuwa amekuja kuusaidia ukoo kuswaga. Chuo kilikuwa kimemsogezea muda, alishaandika barua akaeleza karantini. Akafuata bwana mmoja mwenye mbuzi aliyefungwa nyuma ya bodaboda. Wakafuata wengine. Na huko mkiani, likaja Fuso la Mheshimiwa, linakwenda mnadani. Dulla hakupiga honi. Alipofika kwenye mti aliruka chini, akatoa mifuko yote ya suruali nje, akanyoosha mikono miwili mitupu. "Mama Geti, leo sina simu!" Ndipo jina lilipozaliwa, kwa kicheko cha foleni nzima.

Siku hizi najua mnatumiwa sauti za wasapu. Unakuta kisauti kinasema, "Dogo, kuna mtu wangu anakuja, mcheki." Dawa ni ile ile. Ichezeshe mbele ya waliosimama kwenye foleni, kwa spika. Hutahitaji kugombana na mtu.

Nimebakiza moja, la juzi tu.

Nilikwenda hospitali hapa Kibaha kwa ajili ya haya magoti. Mabenchi yamejaa mpaka kwenye koridoo. Nikachukua namba yangu, nikakaa. Mara mlango ukafunguliwa, akatoka muuguzi, dada mrefu, amevaa sare imenyooka. Akaniona, akaja mbio akapiga goti.

"Shikamoo yeyo!"

Alikuwa binti wa Saning'o. Nilimkumbatia mpaka kofia yake ikaanguka. Akaniinamia sikioni, akanong'ona, "Njoo na mimi mama, nikupitishe huku nyuma. Hakuna atakayejua."

Wanangu, magoti yalikuwa yananiuma. Na nilikuwa nampenda yule mtoto. Utamu wa jambo lile niliuonja, kusema kweli, ule utamu wa kuambiwa wewe si kama hawa. Kwa mara ya kwanza nikamwelewa Mheshimiwa.

"Sema kwa sauti, mwanangu," nikamwambia.

"Mama?"

"Sikio hili halisikii. Waambie hawa."

Akaniangalia, na nikaona usoni mwake kwamba amekumbuka. Baba yake alikuwa amemsimulia. Akasimama wima, akacheka, akaligeukia benchi. "Jamani, huyu mama magoti yanamuuma, naomba atangulie. Mnasemaje?"

Wakatazamana. Mzee mmoja akasema, "Apite tu, mtu mzima huyo." Wengine wakaitikia, "Apite, apite bibi." Lakini mwisho wa benchi kulikuwa na mama kijana, mtoto kalegea begani anahema haraka haraka. Alinitazama tu, akamvuta mtoto kifuani.

"Mnanipisha kweli?" nikauliza.

"Tunakupisha!"

"Basi nafasi ni yangu," nikasema. "Nampa huyo mwenye mtoto."

Binti wa Saning'o alikuwa ameshafika kwake kabla sijamaliza neno, akambeba mtoto, wakaingia mbio. Mimi nikaketi tena. Yule mzee akasogea akanipa kona ya benchi yenye kuegemea, tukaanza maongezi ya ng'ombe. Jua lilikuwa limeshapinda yule mama alipotoka, mtoto ameamka analia kwa nguvu, kilio kizuri cha mtoto mwenye pumzi. Benchi zima likampigia makofi.

Baadaye namba yangu ikaitwa, kwa sauti, koridoo nzima ikasikia. Nikainuka na magoti yangu, nikapita mbele ya watu wote, kwa mlango wa mbele.